Miezi saba ya Medicare: namna ya kumwandikisha mzee wako Marekani bila kukosa dirisha

Mama mdogo wangu alizaliwa tarehe 1 Januari 1959. Ndivyo makaratasi yanavyosema. Yeye mwenyewe anajua tu kwamba alizaliwa wakati wa kupanda maharage, na kwamba afisa aliyekuwa akijaza fomu kambini Kigoma alihitaji tarehe, basi akaandika hiyo. Wazee wengi tuliokuja nao Marekani mwaka 2008 wana siku hiyo hiyo ya kuzaliwa. Mwaka mpya ukiingia, jumuiya nzima inaongeza umri kwa pamoja.

Alipokaribia kutimiza miaka 65 tulikaa mezani tukahesabu kwa vidole. Mwezi wake ni Januari, tukasema, na baada ya hapo ana miezi mitatu: Februari, Machi, Aprili. Wiki ya kwanza ya Aprili 2024 tukampeleka ofisini kwenda kumwandikisha bima ya serikali. Dirisha lake, yaani muda aliopewa wa kujiandikisha, lilikuwa limefungwa tarehe 31 Machi. Bima ya hospitali aliipata kwa sababu ya miaka ya kazi ya baba mdogo, lakini bima ya daktari alilazimika kuisubiri mpaka Januari 2025, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Februari. Kwa miezi kumi alikwenda kupima presha na kuangaliwa magoti kwa pesa za mfukoni, kwa kosa la siku chache ambalo lilikuwa letu sisi watoto.

Tangu siku ile nimesoma kila karatasi ya Medicare iliyopita mbele yangu, na nimewasindikiza wazee wengine ofisini. Haya ndiyo niliyojifunza. Nimeyaandika kwa ajili yako wewe mwenye mzazi, shangazi au mjomba anayekaribia miaka 65, au aliyeivuka, ambaye hajawahi kuwa na bima hii.

Kwanza, tujue tunazungumzia bima gani

Majina mawili yanafanana na yamewachanganya wengi. Medicare ni bima ya serikali kuu ya Marekani kwa watu wa miaka 65 na zaidi, na kwa baadhi ya wenye ulemavu walio chini ya umri huo. Medicaid ni ya wenye kipato kidogo wa umri wowote, nayo inaendeshwa na kila jimbo kwa utaratibu wake. Mzee anaweza kuwa nazo zote mbili. Sheria iliyoanzisha Medicare ilitiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson tarehe 30 Julai 1965, na wagonjwa wa kwanza wakaanza kutibiwa kwayo Julai 1966.

Ina sehemu, nazo zimepewa herufi. Sehemu ya A inalipia kulazwa hospitali. Sehemu ya B inalipia daktari, vipimo, vifaa kama kiti cha magurudumu, na matibabu ya kwenda na kurudi nyumbani. Sehemu ya D ni dawa. Sehemu ya C, ambayo matangazo huiita Medicare Advantage, ni kampuni binafsi kukuuzia A na B zikiwa zimefungwa pamoja, na mara nyingi dawa ndani yake. Karibu shida zote za kuchelewa zinahusu B na D, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Hakikisha mzee anastahili, na ujue atalipa nini

Kuna maswali matatu. La kwanza ni hali ya uhamiaji. Tarehe 4 Julai 2025 ilitiwa saini sheria iliyobana mlango huu. Tangu siku hiyo, watu wapya wanaoingia Medicare ni lazima wawe raia wa Marekani au wenye kadi ya kijani, pamoja na makundi machache yaliyotajwa kwa jina: waliopokelewa kutoka Cuba na Haiti chini ya mpango maalumu, na watu wa visiwa vya Pasifiki vyenye mkataba na Marekani. Mkimbizi au mtu aliyepewa hifadhi ambaye bado hajapata kadi ya kijani hayumo tena. Waliokuwa tayari ndani ya Medicare bila kadi hiyo walipewa muda wa miezi 18 tu, yaani mpaka mwanzoni mwa Januari 2027.

Naomba usipite hapa haraka. Mkimbizi anaruhusiwa, na kwa kweli anatakiwa, kuomba kadi ya kijani akishatimiza mwaka mmoja nchini. Wapo wazee wetu waliokaa miaka sita au saba bila kuiomba, kwa sababu watoto walikuwa kazini zamu mbili na mzee mwenyewe hasafiri popote, basi karatasi ikalala. Kama mzee wako ni mmoja wao, anza na kadi ya kijani leo, kabla ya hatua nyingine yoyote kwenye mwongozo huu. Mashirika yanayopokea wakimbizi na vituo vya msaada wa sheria mara nyingi hujaza fomu hiyo bila malipo.

Swali la pili ni pointi za kazi. Kila mtu anayefanya kazi halali na kukatwa kodi ya Social Security, idara ya pensheni ya serikali kuu, anakusanya pointi, zisizozidi nne kwa mwaka. Kwa mwaka 2026 pointi moja inapatikana kwa kila dola 1,890 za mapato, kwa hiyo aliyepata dola 7,560 mwaka mzima anakuwa amejaza pointi zake nne. Ukifikisha pointi 40, yaani takriban miaka kumi ya kazi, Sehemu ya A unaipata bila kulipa kitu kila mwezi. Michango ya NSSF ya Tanzania, Kenya au Uganda haihesabiki hapa hata kidogo, nimeulizwa hilo mara nyingi.

Mama aliyekaa nyumbani akilea wajukuu asikate tamaa. Anaweza kutumia pointi za mume wake, mradi mume awe na angalau miaka 62 na ndoa iwe imetimiza mwaka mmoja. Hivyo ndivyo mama mdogo alivyoipata A. Kitakachohitajika ni uthibitisho wa ndoa. Waliofunga ndoa ya mahari kijijini au kambini bila cheti waulize mapema ofisi itakubali ushahidi gani, wasingoje mpaka mwezi wa mwisho.

Asiye na pointi 40, wake au wa mwenzi wake, bado anaweza kuinunua A. Mwaka 2026 bei yake ni dola 565 kwa mwezi kwa mwenye pointi chini ya 30, na dola 311 kwa mwenye pointi kati ya 30 na 39. Ni fedha nyingi. Lakini anaruhusiwa kuchukua B peke yake, na B bei yake ya kawaida ni ile ile kwa wote, mwenye pointi na asiye nazo: dola 202 na senti 90 kwa mwezi mwaka 2026. Wenye kipato kikubwa ndio wanaongezewa.

Swali la tatu linawahusu wazazi walioletwa na watoto wao wakiwa tayari watu wazima, wale waliotua Minneapolis, Dallas au Baltimore wakiwa na miaka 68. Mwenye kadi ya kijani asiye na pointi za kutosha anatakiwa awe ameishi Marekani miaka mitano mfululizo kabla ya mwezi anaoomba. Mpaka miaka hiyo itimie, familia nyingi humnunulia bima kwenye soko la bima la serikali, ile watu wanayoiita Obamacare. Miaka ikitimia, mwezi anapokamilisha masharti yote ndio unachukua nafasi ya mwezi wake wa kutimiza 65, na miezi saba inahesabiwa kuuzunguka huo. Andika tarehe aliyoingia nchini ukutani. Na kama ana mazoea ya kurudi Moshi au Kisumu na kukaa huko nusu mwaka, uliza Social Security kabla ya kukata tiketi, maana neno "mfululizo" lina uzito.

Hatua ya 2: Hesabu miezi saba kwa usahihi

Dirisha la kwanza lina miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake.

Chukua mzee aliyezaliwa tarehe 14 Mei. Dirisha lake linafunguliwa tarehe 1 Februari na kufungwa tarehe 31 Agosti. Akijiandikisha Februari, Machi au Aprili, bima ya B inaanza tarehe 1 Mei. Akijiandikisha Mei au baadaye, inaanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata: wa Juni anaanza Julai, wa Agosti anaanza Septemba. Utaratibu huu ni wa tangu Januari 2023. Zamani aliyechelewa ndani ya dirisha aliongezewa miezi ya kungoja, na bado utasikia watu wakiusimulia ule wa zamani.

Sasa tufike kwenye tarehe iliyotuponza. Siku ya kuzaliwa ikiwa tarehe 1 ya mwezi wowote, sheria inamhesabu mtu kuwa ametimiza umri siku moja kabla. Kwa hiyo aliyezaliwa 1 Januari anahesabiwa kutimiza 65 tarehe 31 Desemba. Mwezi wake ni Desemba! Dirisha lake linafunguliwa 1 Septemba na kufungwa 31 Machi, na akiwahi, bima inaanza 1 Desemba.

Kwa mfano, wote walioandikiwa 1 Januari 1962 dirisha lao linaanza 1 Septemba 2026 na kwisha 31 Machi 2027. Wakijiandikisha Septemba, Oktoba au Novemba 2026, watakuwa na bima tangu tarehe 1 Desemba 2026. Wakiingia ofisini tarehe 1 Aprili 2027, watakuta mlango umefungwa, na wa akiba pia umefungwa, kama nitakavyoeleza chini. Ukiwa kiongozi wa kanisa, msikiti au chama cha jumuiya yenye wakimbizi wa Kongo, Burundi au Somalia, tafadhali tangaza jambo hili moja kila mwezi Agosti.

Tarehe inayotumika ni ile iliyo kwenye makaratasi ya uhamiaji na ya Social Security. Kama mzee anajua mwaka wake halisi na ni tofauti, hilo ni shauri la kurekebisha kwa utaratibu wake na linachukua muda mrefu. Usiache dirisha lipite ukisubiri marekebisho.

Hatua ya 3: Jua kama ataandikishwa mwenyewe au lazima aende

Mzee anayepokea tayari pensheni ya Social Security kwa angalau miezi minne kabla ya kutimiza 65 huandikishwa A na B moja kwa moja. Kadi yenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu humjia kwa posta takriban miezi mitatu kabla. Hakuna la kufanya isipokuwa kuhakikisha anwani ni sahihi, na wazee wanaohama kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine ndio hupoteza barua hizi.

Wengine wote ni lazima waombe wenyewe. Usikae ukisubiri barua ya kukuita. Kwa kuwa umri wa kupokea pensheni kamili sasa ni miaka 67 kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, wengi hawajaanza kupokea chochote wanapofika 65, na wanadhani Medicare nayo itakuja na pensheni. Haiji.

Hatua ya 4: Kama yeye au mwenzi wake bado anafanya kazi

Baba mwenye miaka 66 anayeendelea kazi kwenye ghala au kiwanda cha nyama, na ana bima ya kazini, anaweza kuahirisha B bila adhabu. Kazi hiyo ikiisha au bima ikikatwa, chochote kitakachotangulia, anapewa miezi minane ya kujiandikisha B. Hili ndilo dirisha maalumu. Mkewe aliyemo kwenye bima hiyo hiyo ana haki hiyo pia.

Lakini kuna mambo ambayo watu huyaona kama bima ya kazini na sheria haiyaoni hivyo. Bima ya COBRA, ile unayoruhusiwa kuendelea kuinunua baada ya kuacha kazi, haihesabiki. Bima ya wastaafu haihesabiki. Ile ya Obamacare haihesabiki. Medicaid si bima ya kazini. Na bima ya kazini kwa mtoto wako haimlindi mzazi wa miaka 65. Kazi inayotazamwa ni yake au ya mwenzi wake wa ndoa. Nimemwona mzee aliyelipia COBRA mwaka mzima na nusu, kwa bei inayouma, akiamini kwamba yuko salama. Miezi yake minane ilikuwa ikihesabiwa tangu siku ya mwisho ya kazi.

Ukubwa wa kampuni nao ni muhimu. Ikiwa mwajiri ana wafanyakazi chini ya 20, Medicare ndiyo inayotakiwa kulipa kwanza, na bima ya kazini inaweza kukataa kulipia kile ambacho Medicare ingelipa. Kwa hiyo mzee anayefanya kazi kwenye duka dogo la vyakula vya nyumbani au kampuni ndogo ya kuwatunza wagonjwa majumbani achukue B kwenye miezi yake saba, hata kama bado yuko kazini.

Na angalia hesabu ya dawa: dirisha maalumu la B lina miezi minane, lakini kwa Sehemu ya D na kwa Medicare Advantage ni miezi miwili tu baada ya bima ya kazini kuisha.

Anayeweka fedha kwenye akaunti ya akiba ya matibabu ya kazini, inayoitwa HSA, aache kuweka miezi sita kabla ya kuomba Medicare. Sehemu ya A ya bure hurudi nyuma hadi miezi sita ikiombwa baada ya 65, na fedha zilizowekwa ndani ya muda huo huleta matatizo ya kodi.

Hatua ya 5: Namna ya kuomba

Wanaoandikisha ni Social Security, si Medicare wenyewe. Njia ni tatu: tovuti ya ssa.gov, simu 1-800-772-1213, au ofisi ya mtaani kwako. Mwenye pointi zake zote, anayeweza kutumia kompyuta au ana mjukuu anayeweza, tovuti inamtosha. Mhamiaji anayetegemea miaka mitano ya makazi, au pointi za mwenzi, au mwenye jina lililoandikwa kwa tahajia tatu tofauti kwenye karatasi tatu, mimi ningemshauri apige simu kupanga siku ya kuonana na afisa uso kwa uso.

Mkalimani ni bure. Ukipiga simu, sema kwa Kiingereza lugha unayotaka, "Swahili", kisha subiri. Usimtumie mtoto wa miaka kumi na mbili kumfasiria bibi yake mambo ya hospitali na fedha. Hata wewe mtu mzima, mwache mkalimani wao afanye kazi yake, ili baadaye asiwepo wa kusema mlielewana vibaya.

Beba makaratasi halisi, usibebe picha za simu: kadi ya kijani au cheti cha uraia, pasipoti hata iliyokwisha muda, kadi ya Social Security, cheti cha ndoa kwa anayetumia pointi za mwenzi, na chochote kinachoonyesha ameishi nchini miaka mitano, kama mikataba ya nyumba, bili, fomu za kodi, kadi za kliniki. Anayetoka kazini anahitaji fomu mbili: CMS-40B, ambayo ni ombi la B, na CMS-L564, ambayo mwajiri anaijaza kuthibitisha bima ilikuwepo tangu lini hadi lini. Ya pili ipeleke kwa mwajiri kabla ya siku ya mwisho ya kazi. Ukishaondoka, kumpata wa kukusainia ni safari nyingine.

Kila unapopiga simu au kwenda ofisini, andika daftarini tarehe, saa, jina la aliyekuhudumia na alichokuambia. Ikiwa mfanyakazi wa serikali alikupa maelezo yasiyo sahihi ukachelewa kwa sababu hiyo, unaweza kuomba ufunguliwe mlango upya na faini iondolewe, na daftari hilo ndilo shahidi wako. Tangu 2023 yapo pia madirisha ya dharura: kwa waliopatwa na maafa kama kimbunga au mafuriko, kwa waliopewa taarifa potofu na mwajiri au bima yake, na kwa waliopoteza Medicaid. Huyu wa mwisho ana miezi sita tangu Medicaid ikatike. Barua ya kukatiwa Medicaid kwa hiyo isitupwe. Ina thamani ya bima nyingine.

Dirisha likikupita

Ule mlango wa akiba niliousema ni huu: kila mwaka, kuanzia 1 Januari hadi 31 Machi, aliyekosa dirisha lake la kwanza anaweza kujiandikisha. Bima inaanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Nje ya miezi hiyo mitatu hakuna, isipokuwa una dirisha maalumu. Ndiyo maana waliozaliwa 1 Januari wanabanwa: dirisha lao na la akiba hufungwa siku moja.

Sehemu ya A ya bure haina shida hii, inaombwa wakati wowote baada ya 65. Ya kununua ndiyo ina madirisha na faini yake.

Faini ya B ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa, na hailipwi mara moja ikaisha. Inaongezwa kwenye malipo ya kila mwezi muda wote utakaokuwa na B, ambao kwa mzee ni maisha yake yote. Mtu ambaye dirisha lake lilifungwa Agosti 2023 akajiandikisha Februari 2026 amechelewa miaka miwili kamili na miezi kadhaa. Ile miezi haihesabiwi, miaka miwili inahesabiwa. Asilimia 20 ya dola 202.90 ni karibu dola 40 na senti 60. Badala ya 202.90 atakuwa analipa takriban dola 243.50 kila mwezi, na bei ya B ikipanda, faini inapanda nayo. Mama mdogo alichelewa miezi kumi, haikufika kumi na mbili, kwa hiyo faini haikumgusa.

Faini ya dawa ni asilimia moja ya bei ya msingi ya kitaifa, dola 38.99 kwa mwaka 2026, kwa kila mwezi aliokaa bila bima ya dawa inayotambulika, ikiwa pengo ni siku 63 au zaidi. Inaonekana ndogo, lakini miaka minne ni miezi 48.

Kama kipato cha mzee ni kidogo, usilipe faini kabla ya kujaribu njia hii. Kila jimbo lina mipango inayoitwa Medicare Savings Programs. Anayekubaliwa, jimbo linamlipia ada ya B, faini ya kuchelewa inafutika, na anaingizwa B mwezi wowote wa mwaka bila kusubiri Januari. Inaombwa kwenye ofisi ya Medicaid ya jimbo. Kwa upande wa dawa kuna msaada uitwao Extra Help, unaoombwa Social Security, nao pia unaondoa faini ya D. Sijui kwa nini mambo haya hayasemwi kwa sauti kubwa. Wazee wetu wengi wangeweza kukubaliwa na hawajawahi hata kusikia majina yake.

Usichanganyikiwe na Oktoba

Kila mwaka kuanzia 15 Oktoba hadi 7 Desemba runinga hujaa matangazo ya kuwahimiza wazee wajiandikishe Medicare. Msimu huo ni wa walio tayari ndani: wanabadilisha kampuni ya dawa au kuhamia na kutoka Medicare Advantage, na mabadiliko yanaanza 1 Januari. Haumwingizi kwenye B mtu ambaye hajawahi kuwa nayo. Familia inayosema "tutangoja msimu wa bima wa Oktoba" kwa mzee ambaye dirisha lake linafungwa Agosti inajitengenezea faini kwa mikono yake.

Msimu huo pia ndio wa wapiga simu. Medicare haikupigii bila wewe kuomba ili kukuuliza namba ya kadi. Mfundishe mzee kukata simu hata kama anayeongea anajua Kiswahili na anamwita mama. Namba ya kadi ilindwe kama namba ya siri ya benki.

B ikishapatikana

Ndani ya dirisha lile lile la miezi saba amua pia juu ya dawa: ama Sehemu ya D peke yake, ama Medicare Advantage yenye dawa ndani, ambayo inahitaji uwe na A na B zote. Hata kama mzee hanywi dawa yoyote leo, achukue mpango wa D wa bei nafuu. Tangu 2025 kuna kikomo cha fedha anachotoa mgonjwa kwa dawa kwa mwaka. Mwaka 2026 ni dola 2,100, na akikifikia halipi tena mpaka mwaka uishe.

A na B hazilipi kila kitu. Mwaka 2026, akilazwa, dola 1,736 za mwanzo ni zake, na kwa B hutoa dola 283 kwa mwaka kisha asilimia 20 ya gharama nyingi. Bima ya nyongeza iitwayo Medigap huziba mapengo hayo, nayo ina dirisha lake la peke yake: miezi sita tangu B ianze kwa mtu wa miaka 65 na zaidi. Ndani ya miezi hiyo kampuni haiwezi kumkataa kwa sababu ya kisukari au moyo. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, inaweza.

Kabla ya kusaini chochote na wakala wa kampuni, piga 1-877-839-2675 uunganishwe na SHIP ya jimbo lako. Ni washauri wa Medicare wasiouza bima na wasiolipwa kwa kukuingiza popote, na huduma yao ni bure. Nenda na orodha ya dawa za mzee na majina ya madaktari wake, maana mpango mzuri kwa jirani unaweza kumwacha wako bila daktari aliyemzoea.

Na mzee akisema anakwenda nyumbani kuzika, kuoza au kuona shamba, mweleze kwamba Medicare kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani. Akiugua Bujumbura au Mombasa atalipia mwenyewe, kwa hiyo abebe dawa za muda wote wa safari, nawe mkatie bima ya safari. Lakini asisitishe B ili kuokoa ada ya miezi anayokuwa huko. Akiiacha, kurudi ndani ni Januari hadi Machi.